Fundo la Mwisho Shingoni mwa Vaka Roa

Renga alikuwa msokotaji kamba. Alifundishwa na shangazi yake angali mtoto, naye alipoolewa katika kijiji cha Akahanga aliingia kwa mumewe na mikeka miwili, jogoo mweupe, na kazi hiyo.

Kamba ya kutembezea sanamu si sawa na ya kuvulia. Magome ya mti wa hau huchunwa wakati wa baridi, yakalowekwa kwenye vidimbwi vya pwani mpaka yaoze na kunuka, kisha yakasuguliwa kwa kombe hadi zibaki nyuzi tupu. Nyuzi hizo husokotwa juu ya paja, kiganja kikienda na kurudi kutwa nzima. Paja la kulia la Renga halikuwa na unywele hata mmoja. Ngozi yake ilikuwa imekomaa na kung'aa kama jiwe la kunolea.

"Mimi nalalia paja la kushoto," mumewe Makohe alikuwa akiwaambia wenzake, yeye Renga akiwa papo hapo. "Hilo la kulia ni mto wa jiwe."

"Lalia mto wa jiwe basi," Renga humjibu. "Kichwa chenyewe jiwe, vitajuana."

Kazi hiyo ilikuwa na mwiko wake. Aliyeisokota kamba ndiye aliyeifunga shingoni mwa sanamu, na ndiye aliyeifungua. Mkono mwingine haukugusa fundo. Kuikata lilikuwa jambo ambalo watu hawakulitaja ovyo. Kamba hukatwa shingoni mwa mateka tu, na iliyokatwa shingoni mwa sanamu ilisemekana hukata na pumzi ya mtu wa nyumba ya msokotaji. Renga hakuwahi kuliona likitokea, ila shangazi yake aliliona, na shangazi hakuwa mtu wa porojo.

Makohe alikuwa mwimbishaji. Sanamu ikitembezwa, yeye hutangulia mbele yake, akirudi kinyumenyume, uso wake ukitazama uso wa jiwe, na kuita. Akiita upande wa kushoto, kundi la kushoto linavuta kamba yao, sanamu inainua ukingo mmoja na kugeuka kidogo. Akiita upande wa kulia, inageukia huko. Nyuma kuna kundi la tatu, wenye kamba ya kuizuia isiiname kupita kiasi. Hivyo ndivyo jiwe refu kuliko nyumba lilivyotembea kutoka machimbo ya Rano Raraku mpaka pwani, likiyumba kama mzee mwenye nyonga mbovu. Sauti ya Makohe ilisikika tangu kilimani hadi ufukweni. Nyumbani pia hakunyamaza. Alisemesha kuku, alisemesha viazi vikiiva kwenye tanuri la shimo, alisemesha mvua akiiuliza imekwama wapi.

Maana mvua ilikuwa imekwama kweli. Tangu alipokufa Vaka Roa, baba yake Makohe, viazi vilitoka vidogo kama vidole na migomba ikakunja majani. Kaka mkubwa wa Makohe, Koreha, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na yeye hakuwa na shaka juu ya dawa yake. Mzee achongwe, asimamishwe kwenye jukwaa la mawe pale pwani, awekewe macho, awatazame watu wake kama alivyowatazama alipokuwa hai. Mvua ingerudi. Wachongaji walikubali, na wachongaji hula. Kila jodari aliyevuliwa Akahanga, kila mkunga, kila kuku aliyenona alipelekwa machimboni, na nyumbani watu wakala panya na mizizi. Mtoto wa Renga alikufa katika kipindi hicho. Alikuwa wa kike, hajaota meno. Hakuna aliyesema kwamba ni njaa, na Renga naye hakusema. Aliendelea kusokota.

Alisokota kamba zote za Vaka Roa yeye mwenyewe. Alizifunga shingoni, chini ya kidevu kile kirefu, akiwa amesimama juu ya mabega ya Makohe, na Makohe akimtania kwamba amenenepa kwa kula panya.

*

Siku ya ajali walikuwa wameufikia mteremko wa mwisho. Bahari ilionekana. Jukwaa lenyewe lilionekana, na nafasi tupu iliyomngoja mzee. Alfajiri ilikuwa imenyesha manyunyu, mvua ya kwanza baada ya muda mrefu, na watu waliifurahia kiasi kwamba hakuna aliyefikiria itafanya nini njiani.

Renga alikuwa kando ya barabara, kwenye nafasi yake, akizichunga kamba zisisagike. Aliwaona wale wa nyuma wakiteleza. Mmoja alianguka akamwangusha wa pili, kundi zima likakaa matopeni, na kamba ya kuzuia ikalegea. Sanamu iliinama. Iliinama polepole, kama mtu anayetaka kuokota kitu, na Makohe, aliyekuwa akirudi kinyumenyume, alitazama juu na kuacha kuita.

Aliruka pembeni, na ilibaki kidogo tu apone.

Sanamu iliangukia kifudifudi. Ardhi ilitikisika miguuni mwa Renga. Halafu pakawa kimya, na ule ukimya ndio uliomtoa roho, maana Makohe hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Renga!"

Sauti ilitoka chini, kwenye bega la kushoto la jiwe. Renga alikimbia. Barabara ilikuwa imelika katikati kwa kupitisha sanamu miaka nenda rudi, na lile bonde dogo ndilo lililomwokoa asipondeke mwili mzima. Kichwa na kifua vilikuwa nje. Kuanzia nyonga ya kushoto kwenda chini, bega la baba yake lilikuwa juu yake.

"Mwambie baba apungue," alisema. Midomo ilikuwa imegeuka kijivu. "Amenenepa huyu. Ni wale jodari wetu."

"Nyamaza. Unaumia?"

"Siusikii mguu. Labda umeshatangulia nyumbani."

Renga alianza kuchimba kwa mikono. Wengine wakaja na patasi za jiwe na vijiti vya kulimia, wakachimba pembeni ya nyonga yake. Chini ya tope udongo ulikuwa umeshindiliwa, mgumu kama sakafu, na walipofanikiwa kuutoa kidogo, jiwe nalo lilishuka kidogo. Makohe alipiga ukelele ambao Renga hakuwahi kuusikia kinywani mwa mtu.

"Acheni! Acheni, linashuka!"

Waliacha. Wanaume kadhaa walikwishakamata ile miti mirefu ya kunyanyulia, wakazisogeza ncha zake chini ya jiwe.

"Wekeni chini miti hiyo," alisema Koreha.

Alikuwa amepanda kutoka mbele ya msafara, matope mpaka magotini. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, na wakati wa njaa ile hakula kuliko wengine. Hilo hata Renga alilikiri. Alipiga magoti akamshika mdogo wake shavu, akasimama tena.

"Hakuna wa kuiinua," alisema. "Sanamu ikianguka njiani haiguswi mpaka kuhani aiulize inataka nini. Mmepita mara ngapi kwa wale wazee wa mawe waliolala kule nyuma? Nani aliwahi kuwainua?"

"Kuhani yuko wapi, shemeji?" Renga aliuliza.

"Yuko Anakena. Nimeshatuma mtu mwenye mbio."

"Anakena ni upande wa pili wa kisiwa!"

"Atafika kesho."

"Kesho?" Renga alimwonyesha mumewe kwa kidole, kana kwamba Koreha hajamwona. "Mtazame rangi yake. Mtazame, halafu niambie kesho."

Koreha hakumtazama. Aliyatazama mawe ya ukingoni. Kichwa cha sanamu hakikuwa kimegusa udongo. Kilikuwa kimekaa juu ya mwamba wa kando ya barabara, na shingo ilikuwa hewani, kati ya mwamba na mabega.

"Sanamu ni nzima," alisema. "Unaona? Imeanguka na haijavunjika. Kuhani akiikubalia, tunaweza kuisimamisha. Lakini ukiinua bega hili sasa, uzito wote unahamia kichwani. Shingo inakatika. Itakuwa tumewanyima watoto wetu chakula kwa ajili ya vipande."

"Wako walikula," alisema Renga. "Wangu yuko kaburini."

Watu waliinamisha nyuso. Koreha akasema kwa sauti ya chini zaidi, akimwambia yeye, ingawa walio karibu walisikia, "Makohe alikuwa kipenzi cha baba. Sote tulijua. Mimi nilijua kuliko wote. Barabara nzima baba ametembea salama, halafu ameanguka hapa, karibu na nyumbani, juu ya huyu. Umefikiri kwamba pengine amekuja kumchukua?"

Neno lile lilikuwa na mashiko. Aliona jinsi lilivyopita kwa watu, kutoka mdomo hadi mdomo, na jinsi mikono ilivyoachia miti ya kunyanyulia, mmoja mmoja. Hata yeye mwenyewe lilimgusa mahali. Mzee alikuwa akimwita Makohe kila jioni, akila hali yuko naye, akilala hali yuko naye.

"Kaka," Makohe aliita kutoka chini. "Nasikia. Mguu ndio uliolaliwa, si masikio."

*

Mama yao, Tavari, aliletwa akiwa amebebwa mgongoni na mmoja wa wajukuu zake watu wazima. Alikuwa amezeeka kiasi cha kutotembea mteremko, lakini mdomo wake ulikuwa bado unatembea. Alishushwa kando ya mwanawe, akamfuta matope usoni kwa ncha ya joho lake la magome, halafu akaligeukia jiwe. Akalichapa kofi.

"Wewe mzee! Hai ulinibana kwenye ukuta usiku kucha, ukalala nafasi yote. Umekufa, na bado hujui kulala bila kumlalia mtu?"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

"Mama," alisema Koreha, "usimseme hivyo. Amemchagua Makohe. Tumngoje kuhani."

"Nani amemchagua?"

"Baba."

"Amemchagua kwa macho yapi?"

Koreha aligeuka kulitazama jiwe.

"Nakuuliza, mwanangu. Kwa macho yapi? Macho yake ninayo mimi nyumbani. Yamefungwa kitambaani, chini ya mto wangu wa jiwe, yale matumbawe meupe na mboni zake nyekundu. Hajawekewa. Hajamwona mtu. Aliyetoka machimboni ni jiwe lenye pua. Baba yako atakuja siku atakayofunguliwa macho pale chini, sivyo ulivyotuambia?"

Renga aliona mahali pa kushika, akashika. "Kweli kabisa. Kipofu hachagui. Limeanguka kwa sababu ya matope. Liinueni."

"Tumekuwa tukimwita Baba njia nzima," alisema Koreha. "Tumemwimbia. Tumemwekea chakula. Hayo yote tulikuwa tunaliambia jiwe?" Renga alitambua kwamba hofu ndiyo iliyokuwa inasema. Mtu huyu alikuwa ameuweka ukoo mzima juu ya jambo moja, na jambo hilo lilikuwa limelala matopeni. "Hapana. Anangojwa kuhani. Na wewe, Renga, fungua kamba zako. Kuhani asije akamkuta baba amefungwa shingoni kama mateka."

Hilo ndilo lililomfungua Renga akili.

Alipanda juu ya mgongo wa sanamu. Hakuna mwanamke aliyewahi kupanda pale, na watu waliguna kwa pamoja. Alikwenda hadi shingoni, akakaa juu ya kamba zake, mapaja yake pande zote mbili za jiwe.

"Sifungui."

"Shuka."

"Sifungui mpaka mumewe wangu ametoka." Alikuwa amechanganya maneno kwa kutetemeka na hakujali. "Jua litazama na baba yenu ana kamba shingoni. Kuhani atakuja na kamba iko shingoni. Kijiji kizima cha jirani, Vaihu, kitapita hapa kutazama, mzee wenu amefungwa kama mtu aliyekamatwa vitani. Mtaniondoa? Niondoeni. Fundo ni langu."

Koreha alipanda akamfuata. Mkononi alikuwa na jiwe jeusi la kukatia, lile linalokata kuliko jino la papa. Aliinama juu ya kamba. Renga hakuisogeza mikono yake. Alimtazama tu usoni, machozi yakimtoka bila sauti.

"Kata," alisema. "Kata, umuue mdogo wako kwa mkono wako, usimsingizie baba."

Makali yaligusa uzi wa kwanza. Chini, Tavari alikuwa ameshika kichwa cha Makohe kwa mikono miwili, na hakuna mtu aliyepumua.

Koreha aliuondoa mkono wake. Alikaa juu ya jiwe kama mtu aliyechoka kwa safari, akajifunika uso.

"Akitolewa huyu," alisema baadaye, "utafungua zote? Wewe mwenyewe, hapa, leo, kabla jua halijazama? Shingo ikivunjika au isivunjike?"

"Zote."

"Apa kwa huyo aliye chini."

Renga aliapa kwa uhai wa Makohe. Wakati ule aliona ni kiapo kidogo.

*

Kamba ya kulia ilikuwa juu, haikulaliwa. Makundi yote matatu yalikusanyika kwenye kamba hiyo moja, wengine wakaingiza miti chini ya bega, wengine wakasimama na mawe ya kutia uwazi ukipatikana. Halafu wakagundua kwamba hawana mwimbishaji. Walitazamana.

"Mnangoja nini?" Makohe aliuliza kutoka chini. "Kuhani?"

Akaita yeye. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ile ile, na miguu ya watu iliitambua kabla ya vichwa vyao. *Baba, inua bega!* Wakavuta. Jiwe halikusogea. *Baba, inua bega!* Miti ililia. Jiwe likatikisika, bega likainuka upana wa kidole, mawe yakatiwa. *Baba, inua…*

Sauti ilikatika. Alikuwa amezimia. Na watu walikuwa wamekwishavuta nusu, jiwe limeinuka, na bila mwito kila mtu alianza kuvuta kwa wakati wake. Kamba ikaanza kuyumba. Bega likaanza kurudi.

"Inua bega!" Renga alipiga kelele. Ni mwiko mwanamke kuiita sanamu. Hakuna mtu aliyekumbuka hilo. "Baba, inua bega! Inua, wewe mzee, inua!"

Waliinua. Jiwe lilijigeuza ubavu, na Tavari, kikongwe asiyeweza kutembea, alimvuta mwanawe kwapani pamoja na wengine, na Makohe akatoka kama mtoto anavyotoka tumboni, mguu mmoja ukiburuta. Ndipo ulipotokea mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mlio mkavu, mfupi, na kichwa cha Vaka Roa kiliteleza juu ya mwamba kikaangukia upande wa pili, kidevu juu, kikiburuta kamba.

Hakuna aliyeshangilia.

Maji ya kwenye kibuyu yalimzindua Makohe. Mguu ulikuwa umepondeka na umevimba, lakini haukutoka damu nyingi. Rangi ilimrudia kidogo. Alimtafuta Renga kwa macho.

"Nimesikia kitu. Shingo?"

"Nzima," alisema Renga.

"Kumbe ule mlio?"

"Mti mmoja umekatika."

"Aa. Mti." Akafumba macho. "Kaka atakuwa amefurahi. Twende nyumbani, nasikia njaa. Hata panya nitakula."

Watu walicheka, kwa sababu ni yeye aliyesema, na kwa sababu walitaka sana iwe mwisho wa jambo. Walimweka kwenye mkeka, watu wanne wakaubeba, Tavari akachukuliwa mgongoni nyuma yao. Renga alishika mkono wa Makohe, akapiga nao hatua chache.

"Mwanamke," alisema Koreha. Hakusema kwa ukali. "Jua."

Makohe alimfinya vidole. "Nenda kafungue. Usiwaache na la kusema. Nitakungoja, mimi naenda wapi na mguu huu?"

*

Kamba ya nyuma ilifunguka upesi. Ya kulia nayo, ingawa ilimkawiza, kwa kuwa ndiyo iliyovutwa na wote. Ya kushoto ndiyo iliyomshinda. Ilikuwa imelaliwa na jiwe tangu asubuhi, ikanyonya maji ya matope, kisha shingo ilipokatika ilivutwa mara moja kwa uzito wote wa kichwa. Fundo lilikuwa limejikaza likawa kitu kimoja, laini na gumu. Hakuona ncha iingie wapi, itoke wapi. Lilikuwa fundo zuri. Shangazi yake angelisifu.

Alitumia mfupa wa samaki, ukavunjika. Alitumia kijiti. Alilimwagia maji, kisha akajuta, kwani nyuzi za hau zikilowa huvimba. Koreha alikuwa amekaa karibu, mgongo kwa mwamba, akikitazama kile kichwa cha baba yake kilichotazama mawingu kwa matundu yasiyo na macho. Hakuweza kumsaidia na hakuweza kuondoka.

Alikuja mwanamke mmoja kutoka kijijini, mke wa jirani, akihema.

"Renga, anakuuliza. Anatapika. Moyo wake unapiga vibaya, unakimbia halafu unasimama. Mama amesema uje."

"Anasema?"

"Anasema, lakini kidogo kidogo. Anauliza uko wapi."

Renga aliinama juu ya fundo kwa nguvu zaidi. Kucha mbili zilikwishang'oka na hakujua lini.

Koreha alisimama. Alilitazama jua, ambalo lilikuwa bado juu ya maji, akalitazama fundo. Akalitoa tena lile jiwe jeusi la kukatia.

"Nitakata mimi," alisema. "Dhambi iwe yangu. Nenda kwa mumeo."

"Usikate!"

"Renga, anakuita."

"Usikate, shemeji, nakuomba, nakushika miguu." Alilala juu ya kamba akaifunika kwa kifua chake. "Ukiikata sasa unamkata yeye. Huoni moyo wake unavyosimama? Anangoja hili. Nikilifungua atapona. Niache nilifungue. Niache."

Koreha alisimama na mkono uliokunjwa, kisha akairudisha ile silaha yake mahali pake. Naye aliamini hivyo hivyo.

Mwanamke yule aliondoka. Renga aliuma fundo. Alilitafuna kama anavyotafuna mtu muwa, akitema matope na nyuzi, akimwita Makohe kwa meno yaliyokazwa. Jino la mbele lilitoka, akalitema pamoja na vingine. Ladha ya damu yake ilichanganyika na ule uvundo wa hau uliooza, harufu aliyoijua tangu utotoni. Na hatimaye uzi mmoja ulilegea. Aliuhisi kwa ulimi kabla ya kuuona. Aliuvuta, wa pili ukaja, na fundo zima likafunguka mikononi mwake bila kishindo, kana kwamba halikuwahi kuwa gumu.

Jua lilikuwa limegusa maji. Alikuwa amewahi.

Aliiacha kamba pale na kukimbia. Aliteremka mteremko wote, akapita chini ya jukwaa lenye nafasi tupu, akaufikia ukuta wa mawe wa bustani ya ndizi, na hapo ndipo aliposikia kilio. Kilianza kwa sauti moja, ya Tavari, kisha zikaingia nyingine. Alisimama. Aliweka mkono juu ya ukuta. Mtu aliyempita alisema kwamba alikuwa akirudia neno moja tu, "Nimefungua, nimefungua," kama anayemweleza mtu aliyekosea.

*

Vaka Roa bado amelala pale, kiwiliwili upande mmoja na kichwa upande wa pili. Njia imehama ikamzunguka. Kuhani alifika kesho yake kama ilivyoahidiwa, akatazama, akasema wamwache. Akahanga hawakuagiza sanamu nyingine. Mvua zilirudi mwaka uliofuata, si nyingi, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Tavari alizikwa na yale macho ya matumbawe, moja katika kila kiganja; aliagiza mwenyewe.

Koreha alimpelekea Renga viazi kila mavuno mpaka alipokufa. Aliviweka mlangoni na kwenda zake.

Renga hakuolewa tena. Hakusokota tena kamba za sanamu, wala hakuombwa, lakini alisokota kamba za uvuvi hadi uzeeni, akikaa kwenye jua mbele ya nyumba, paja la kulia limenyooshwa. Kamba zenyewe hazikuwa na mfano. Mafundo yake ndiyo yaliyowaudhi wavuvi. Alifunga mafundo yanayofunguka kwa kidole kimoja, na zaidi ya mara moja nyavu ziliachia, jodari akaenda.

"Mama, kaza kidogo," walikuwa wakimwambia. "Unatupotezea samaki."

"Kazeni wenyewe," alijibu kupitia pengo la jino, na kuendelea kusokota.